Swali la Themanini na Nane

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama na simu sikioni, sauti ya mwanamke ikiniambia, "Njoo na binti yako kesho saa saba mchana. Majibu yake yana walakini." Wengi mmeniandikia kunipa pole. Pole zenu zirudisheni mfukoni kwanza. Someni mpaka chini, halafu mtaamua kama nazistahili.

Kwa aliyeanza leo: mimi ni mtunza stoo wa kiwanda cha mabomba, mjane, nina stashahada ya ugavi na mtoto mmoja. Mtoto huyo mtaa mzima unamwita Dokta tangu akiwa na miaka tisa. Mwaka wa kwanza alifanya mtihani malaria ikiwa kichwani, alama zikapungua mbili. Mwaka wa pili barua ya kuitwa chuo cha udaktari ililala wiki tatu kwenye droo ya meneja wangu, maana tulitumia sanduku la posta la kiwanda. Mwaka huu alama zikatosha, barua ikafika, tukadhani mikosi imechoka. Kilichobaki kilikuwa dodoso.

Dodoso la haiba, ndivyo wanavyoliita. Maswali mia moja na ishirini. Halikuulizi ini liko upande gani wala damu inazungukaje. Linataka kujua wewe ni mtu wa namna gani. Unasoma sentensi, unachagua namba. Moja ni "si kweli kabisa", tano ni "kweli kabisa", na katikati kuna mbili, tatu na nne, za watu wasiojijua. Hivyo ndivyo nilivyofikiri mimi.

Sasa niseme nilichowaficha wiki zote hizi.

Siku ya mwisho ya kutuma majibu, binti yangu alikuwa anakwenda kupanga foleni ya kugongewa vyeti mhuri. Dodoso alikuwa ameshalijibu lote kwa penseli, kwenye karatasi aliyochapisha. Kazi ilikuwa kuyaingiza majibu kwenye kompyuta kabla ya saa kumi, na kompyuta yenye mtandao usiokatika ninayo mimi, stoo.

"Mama, nakili tu kama yalivyo," aliniambia akinikabidhi karatasi. "Usibadilishe kitu."

"Nimenakili namba miaka kumi na saba, leo utanifundisha wewe?"

"Niahidi basi."

"Nimekuahidi. Nenda, foleni haitakungoja."

Nilikaa, nikaanza kunakili. Maswali manane ya kwanza niliyapitisha bila neno. La tisa likaniwasha.

"Nikimwona mtu anaumia, nashindwa kulala." Mwanangu ameandika nne.

Nne! Daktari asiyelala atampasua nani asubuhi? Nikabonyeza moja.

La kumi na nne: "Sijawahi kumkasirikia mtu." Ameandika moja. Nikashangaa. Mtu unaomba nafasi halafu unajitangazia hasira? Nikabonyeza tano.

Baada ya hapo mkono haukushikika. Mjue stoo hakuna "kwa kiasi fulani". Ama boliti zipo, ama hazipo. Ukiniletea kadi umeandika "zipo kidogo" nakurudisha ukahesabu upya. Basi kila mbili ikawa moja, kila nne ikawa tano, na zile tatu nikazigawa kwa akili yangu, hii huku, hii kule, na popote alipojisema vibaya nikageuza, kama lile la kumi na nne.

Fundi wetu wa mashine, tunayemwita Koleo, alikuja kuchukua grisi akanikuta nimekodoa macho huku natabasamu.

"Mama Dokta, leo unacheka na kompyuta. Umepata mchumba?"

"Nampeleka mtoto chuo."

"Kwa kubonyeza?"

"Chukua grisi yako uondoke."

Akaondoka. Nikabonyeza mpaka nikafika swali la themanini na nane. Hapo nilisimama. Hilo nitalisema mbele kidogo, kwa sasa kalamu inanigomea.

Kesho yake baada ya ile simu, saa saba mchana, tulikuwa ofisini kwa mwanasaikolojia wa chuo. Mwanamke wa rika langu, mwembamba, kikombe chake cha chai kimefunikwa kwa kisahani. Binti akamwamkia, akaitikia vizuri, akatukaribisha viti. Nikajipa moyo. Mtu anayekukaribisha kiti si adui.

Akageuza karatasi zikatutazama.

"Dokta mtarajiwa," alimwambia binti yangu. "Waliojibu dodoso hili mwaka huu ni elfu moja na mia tatu. Wewe peke yako huna mbili hata moja. Huna tatu. Huna nne. Moja, tano, moja, tano, kama swichi ya taa. Nisaidie kuelewa."

Binti yangu alizitazama karatasi. Halafu akanitazama mimi. Mimi nikatazama kikombe cha chai.

"Nisomee la ishirini na sita," mwanasaikolojia akasema.

"'Sijawahi kusema uongo, hata mdogo.'"

"Umejibu nini?"

"Tano."

"Sasa, mwanangu, hilo swali halimtafuti mkweli. Mkweli anaandika moja, anacheka, anaendelea. Hilo limewekwa kumnasa anayejipaka rangi. Yapo maswali kumi ya aina hiyo humu ndani. Umenaswa na yote kumi."

Nilikuwa nimeuingia mtego kwa miguu yangu mwenyewe, na mtoto nimembeba.

"Sikutishi," akaendelea. "Yapo mambo mawili tu. Kama uliogopa ukajipamba, tunaona kila mwaka. Utarudia leo, hapa, kwa kalamu, na orodha inafungwa saa kumi. Lakini kama kuna mtu alikujazia au kukubadilishia, huo ni udanganyifu. Nafunga faili. Miaka mitatu huombi hapa wala chuo kingine chochote cha udaktari."

Miaka mitatu. Tulikuwa tumeshapoteza miwili.

Binti yangu alikuwa anafunua karatasi, moja moja, polepole, kama mtu anayetafuta jina la ndugu kwenye orodha ya ajali. Ukurasa wa tano kidole chake kikasimama. Sikuhitaji kuchungulia. Nilijua kimesimama wapi.

Haya. Swali la themanini na nane linasema hivi: "Njia hii ya udaktari nimeichagua mwenyewe, si kwa kumridhisha mtu mwingine."

Mwanangu alikuwa ameandika mbili.

Wala haikuwa mbili ya haraka. Aliandika, akafuta, akaandika, akafuta tena, mpaka karatasi pale ikabaki nyembamba kama ganda la kitunguu. Mwisho wa kufuta kote huko alirudi kwenye mbili. Siku ile stoo nilikaa nayo hiyo mbili mpaka chai yangu ikapoa. Halafu nikabonyeza tano, nikatuma.

Na kwa kuwa leo naungama, niungame na hili. Sehemu ya kwanza kabisa niliwasimulia jinsi baba yake alivyokata roho kwenye benchi la hospitali, wagonjwa sitini mbele yake na daktari mmoja. Nikawaambia mtoto, miaka tisa, alisimama akasema, "Nitakuwa daktari." Wengi mlilia, mliniandikia. Niliwadanganya. Maneno yale niliyasema mimi. Nilimshika mabega nikamwambia mbele ya shangazi zake, "Wewe utakuwa daktari." Yeye aliitikia tu kwa kichwa. Mtoto wa miaka tisa, baba yake amefunikwa shuka, angesema nini kingine?

Turudi ofisini.

"Nani alijaza?" mwanasaikolojia akauliza.

Nilifungua mdomo. Nawaapia nilifungua.

"Ni mimi," binti yangu akasema. "Niliogopa. Nilitaka sana."

Sauti yake haikutetemeka hata kidogo. Ndiyo mara ya kwanza maishani kumsikia mwanangu akidanganya, na alidanganya kama aliyezaliwa na kazi hiyo. Nikafunga mdomo.

"Sawa," mwanasaikolojia akasema, akamkabidhi dodoso jipya. "Chumba namba nne, karani atakaa na wewe. Andika ulivyo. Hatumtafuti malaika, malaika hawezi kutibu watu."

Kwenye ukumbi mrefu binti alisimama kabla hajaingia.

"Karatasi yangu ya penseli iko wapi?"

"Niliitupa."

"Wewe? Wewe unayetunza risiti ya ndoo iliyopasuka?"

"Nimekwambia niliitupa."

Alitazama mkoba wangu. Nikaubana kwapani. Karatasi ilikuwa humo, ndani ya bahasha, imebanwa pini pamoja na nakala ya yale niliyoyatuma, asili juu, nakala chini, jinsi tunavyotunza stoo. Sijatupa karatasi tangu nianze kazi.

"Mwanangu, nilikuwa nakusaidia."

"Najua, mama. Lile swali la hasira, unalikumbuka? La kumi na nne. Leo ningeliandika moja mara mbili."

Mlango ukafungwa.

Nikakaa kwenye benchi. Pembeni yangu alikuwepo baba mmoja mnene mwenye kofia, dereva wa lori, anageuza funguo vidoleni.

"Na wako ameitiwa dodoso?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Wangu kaandika tatu. Yote. Mia moja na ishirini, tatu, tatu, tatu. Namuuliza, binti yangu, hata swali la 'nawapenda wazazi wangu' umeweka tatu? Ananiambia, 'Baba, inategemea siku.'"

Nilicheka bila kutaka. "Wangu hana tatu hata moja."

"Basi tuwaunganishe, tupate daktari mmoja mzima." Akacheka mwenyewe. "Ila ni heri yake. Kajaza kwa mkono wake. Nimesikia kuna mzazi alimjazia mtoto wake mwaka juzi. Walimfuta kama ubao."

"Mzazi au mtoto?"

"Mtoto, mama. Nani anamfuta mzazi?"

Nikanyanyuka. Sijui miguu ilipata wapi nguvu ile. Nikaenda moja kwa moja ofisini kwa mwanasaikolojia, chumba namba sita, nikagonga, nikaingia. Nilikuwa nimeshalipanga neno la kwanza: mimi.

Mwanasaikolojia alikuwa kwenye simu. Akaniashiria nisubiri, akamaliza, akaweka simu chini huku anatabasamu.

"Mama, nimempenda mtoto wako. Kakiri pale pale, hakuzunguka. Watu wa namna hiyo ndio tunaowatafuta, wanaokosea wakasema nimekosea. Mgonjwa anapona kwa daktari wa hivyo." Akafunua kisahani, akanywa chai. "Kwa kweli ana bahati. Angekuwa kajaziwa na mtu, sasa hivi ningekuwa nagonga mhuri wa kumfungia. Ulitaka kusema nini?"

Nikamtazama. Ukweli wangu ungemfungia mwanangu miaka mitatu. Uongo wake ndio uliokuwa unamletea sifa.

"Nilitaka kuuliza choo kiko wapi."

"Kulia, mlango wa pili."

Nilijifungia chooni nikatoa bahasha. Nikaichomoa ile karatasi ya penseli. Nilikusudia kuichana vipande na kuvuta maji, ushahidi uishe, tuanze maisha. Nikaishika juu kwa mikono miwili. Macho yakaangukia hapo palipofutwa mpaka karatasi ikaonyesha upande wa pili.

Nikaanza kusoma na mengine, safari hii bila kubonyeza chochote. "Nikishindwa, naogopa kumwambia mtu wa nyumbani": tano. "Nyumbani naweza kusema ninachofikiri": mbili. "Nafurahi ninapomfundisha mwenzangu jambo mpaka akalielewa": tano, amepigia mstari, na hakuna aliyemwambia apige mstari. Nikawakumbuka watoto wa jirani wanaojazana barazani kwetu kila Jumamosi na madaftari yao ya hesabu, na mimi kila Jumamosi nawafukuza. Nawaambia, mwacheni Dokta asome.

Nilikuwa na karatasi hii wiki nne. Nilikuwa nimeinakili yote, mstari kwa mstari. Sikuwa nimeisoma.

Sikuichana. Niliikunja nikairudisha kwenye bahasha, nikanawa uso, nikarudi kwenye benchi. Dereva alikuwa ameshaitwa ndani. Saa ya ukutani ilikuwa inakwenda kwa makusudi kabisa, kama inanikomoa mimi. Saa tisa. Saa tisa na nusu. Saa tisa na dakika arobaini na tano.

Zikabaki dakika kumi orodha ifungwe. Mlango wa chumba namba nne ukafunguka. Binti yangu akatoka na dodoso mkononi, na sauti ya karani ikamfuata kutoka ndani, "Mpelekee mwenyewe namba sita, harakisha, nafunga orodha!"

Namba sita ilikuwa hatua kumi mbele yake. Hakwenda. Alikuja akasimama mbele yangu, akanikabidhi dodoso, na juu ya dodoso akaweka kalamu.

"Ipeleke wewe, mama. Umeshazoea."

Nilifunua. Mbili, tatu, nne, nne, tatu. Kwenye lile la kutosema uongo, moja. Kwenye la hasira, moja iliyokandamizwa mpaka wino umepenya ukurasa wa pili. Alikuwa mtu, mwanangu. Mtu mzima kabisa, kurasa saba. Nikafika ukurasa wa tano.

Themanini na nane palikuwa patupu.

"Umeruka moja," nikasema.

"Sijaruka. Nimekuachia."

"Dokta, saa inakwenda."

"Usiniite hivyo leo." Alisema kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kama angenifokea. "Nimekaa na swali hilo saa nzima humo ndani. Siku ile ya penseli nilijua kidogo, mbili. Leo sijui hata hiyo mbili. Sijui lipi langu na lipi lako. Mara ya kwanza ulijibu wewe. Jibu na mara ya pili. Tofauti ni kwamba leo nakuangalia."

"Nikiweka mbili, watakuacha."

"Huenda."

"Miaka miwili tumehangaika! Baba yako..."

"Baba alikufa, mama. Hakuniomba kitu."

Nilishika kalamu. Miaka kumi na saba nimeandika namba bila kutetemeka, mia tatu za mpira, elfu mbili za boliti, na sasa tarakimu moja tu ilikuwa imenishinda.

"Na nikiweka tano?"



"Nitasoma. Nitakuwa daktari, na nitakuwa mzuri tu, hutapata malalamiko. Ila sitakuambia tena kitu cha moyoni mwangu. Hautakuwa ugomvi, mama. Nitakusalimia kila siku."

Nyuma yangu karani alikuwa anaburuta kiti. "Bado dakika tatu!"

Nikaiweka karatasi juu ya goti. Nikainamisha kalamu pale mahali patupu, ncha ikagusa, ikaacha kidoa. Kidoa kimoja tu, kisichokuwa namba yoyote.

Mlango wa namba sita ukafunguka. Mwanasaikolojia akatoka na koti mkononi, akatukuta hivyo, mimi nimeinama, binti yangu amesimama na mikono mitupu. Akanyoosha mkono apokee dodoso. Halafu mkono ukabaki hewani, na tabasamu lile alilokuwa nalo kwenye chai likaondoka usoni mwake kidogo kidogo.

"Mama," akasema, "mbona kalamu unayo wewe?"